Kushoto na Kulia: Tujue Tunachokichagua

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya wanaharakati na waumini waliokusanyika katika ukumbi wa kanisa kwa mafunzo ya uraia.



Nimeombwa niwafafanulie maneno mawili ambayo huyasikia redioni na kuyasoma magazetini, yaani mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia. Bwana Mwenyekiti aliponiletea ombi hilo alitamka jambo lililonichoma moyo. Alisema, "Wakili, tulipigania vyama vingi tukavipata. Sasa tunavyo hata hatuwezi kuvihesabu, lakini hatujui kimoja kinatofautiana vipi na kingine ila kwa sura ya kiongozi wake na mahali alikozaliwa."

Ndugu zangu, maneno hayo ni mazito. Ikiwa watu walitupwa kizuizini, wakapigwa virungu siku ya Saba Saba mwaka wa 1990, wakalazimisha kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kifutwe mwezi wa Desemba 1991, je, walifanya hivyo ili tupate rangi nyingi za kofia na fulana? La hasha. Walitaka tuwe na uwezo wa kuchagua. Na mtu hawezi kuchagua baina ya vitu viwili asivyojua tofauti yake.

Nianze na asili ya maneno yenyewe. Mwaka wa 1789 wajumbe wa Ufaransa walikutana katika mji wa Versailles, nje kidogo ya Paris, kuitengenezea nchi yao katiba. Mwezi wa Septemba mwaka huo walibishana juu ya swali moja: je, mfalme awe na uwezo wa kupinga kabisa sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi? Waliotaka mfalme abaki na nguvu hizo walizoea kuketi upande wa kulia wa mwenyekiti. Waliotaka nguvu hizo zipunguzwe waliketi upande wa kushoto. Mwishowe waliamua kwamba mfalme aweze kuichelewesha sheria tu, asiweze kuiua. Wajumbe wale wamekwisha kuoza makaburini, lakini majina ya viti vyao yamesambaa duniani kote.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua niko kanisani. Baadhi ya waumini wakisikia "kushoto" hukumbuka mara moja mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, ambamo kondoo waliwekwa kulia na mbuzi kushoto. Ndugu, tusichanganye mambo. Mpangilio wa viti vya Versailles haukutoka katika Injili. Na tukiusoma mfano ule vizuri, tutaona kwamba pande zote mbili zilipimwa kwa kipimo kimoja: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa mlimtendea nini?

Sasa tuingie katika kiini. Kwa ufupi, mtu wa mrengo wa kushoto huanza na usawa. Husema kwamba umaskini mwingi tunaouona umetengenezwa na binadamu, kwa sheria na kwa mikataba, na kwa sababu hiyo binadamu wanaweza kuuondoa. Hutaka serikali ichukue jukumu hilo: itoze kodi zaidi kwa walio nacho, ijenge shule na hospitali za umma, imlinde mfanyakazi na chama chake, na isiruhusu mali ya nchi iangukie mikononi mwa wachache. Yeye hushuku mila na vyeo vya kurithi, kwa kuwa mara nyingi humkalia mnyonge kichwani.

Mtu wa mrengo wa kulia huanza na uhuru wa mtu binafsi na utulivu wa jamii. Husema kwamba mwenye kutoa jasho ana haki ya kula matunda ya jasho lake, na kwamba soko huria likiachwa huzaa utajiri ambao hakuna ofisi ya serikali iwezayo kuuzaa. Hutaka kodi iwe nyepesi na serikali iwe ndogo, kwa maana serikali inayoweza kukupa kila kitu inaweza pia kukunyang'anya kila kitu. Huheshimu familia, dini na desturi, kwa kuwa huamini kwamba jambo lililodumu vizazi vingi lina hekima ndani yake, na anayelibomoa kwa siku moja huenda asijue alichokibomoa.

Hizo ni picha za jumla tu. Wako watu wengi walio kushoto katika jambo moja na kulia katika lingine. Mama anaweza kudai hospitali ya bure na papo hapo akashikilia mila za ndoa kwa mikono miwili. Hana kosa. Maneno haya ni dira, na dira haimbebi msafiri.

Niruhusuni niwape mfano kutoka meza yangu ya kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea wateja wawili katika muda wa wiki moja. Wa kwanza alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefariki hospitalini, na maiti ikazuiliwa mochari kwa sababu familia haikuweza kulipa bili. Walikuwa wamemwuza ng'ombe wao, wakafanya harambee, na bado deni lilikuwa limesimama kama mlima. Mama yule aliniuliza, "Wakili, hata maiti huwekwa rehani?" Sikuwa na la kumjibu. Siku ile nilikuwa mtu wa kushoto kutoka utosini hadi unyayoni. Niliona wazi kwamba nchi ambayo ugonjwa wa mtu mmoja hufilisi ukoo mzima haijapata uhuru wake kamili.

Siku tatu baadaye akaja mzee mmoja. Shamba lake dogo, alilolinunua kwa akiba ya miaka ya kibarua, lilikuwa limekatwa katikati na ofisi moja ya umma kwa jina la maendeleo. Hakupewa ilani wala fidia. Alipouliza aliambiwa asizuie manufaa ya wananchi. Mzee aliniuliza, "Kwani mimi si mwananchi?" Siku ile nilimwelewa mtu wa kulia. Niliona kwamba neno "umma" likiwa kinywani mwa mwenye mamlaka linaweza kumeza umma wenyewe, na kwamba hati ya shamba ni ngao ya maskini kabla ya kuwa kiburi cha tajiri.

Mjane alihitaji serikali inayotenda zaidi. Mzee alihitaji serikali inayozuiwa. Wote wawili walikuwa na haki. Tangu wiki ile sijamcheka mtu wa upande wowote.

Wenzangu, kuna kosa moja ambalo wanaharakati hulifanya, nami nimelifanya. Ni kudhani kwamba upande mmoja ndio demokrasia na wa pili ndio udikteta. Historia haikubali. Stalin alitawala Urusi kwa jina la wafanyakazi na wakulima, na mamilioni ya wakulima haohao wakaangamia. Jenerali Pinochet wa Chile aliipindua serikali ya mrengo wa kushoto iliyochaguliwa na wananchi, tarehe 11 Septemba 1973, kisha akajenga uchumi wa soko huria huku wapinzani wake wakiteswa na kuuawa. Udikteta huvaa koti lolote. Kwa hiyo swali la kushoto na kulia ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: je, mwenye maoni yanayopingana na yangu anaruhusiwa kusimama, kusema, na kunishinda kwa kura?

Sasa turudi nyumbani. Wengine husema siasa za kushoto na kulia ni mambo ya Wazungu, kwamba Mkenya hana hayo. Si kweli. Tulikuwa nayo, tena kwa ukali, na yakazimwa.

Mwaka wa 1965 serikali yetu ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Jina lilikuwa la kushoto. Yaliyomo mengi yalikuwa ya kulia. Waraka ulilinda mali ya binafsi na kukaribisha mtaji kutoka ng'ambo. Tena ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi mahali penye ardhi nzuri, mvua na njia za uchukuzi, kwa matumaini kwamba pato litakalopatikana huko litasaidia sehemu nyingine baadaye. Hiyo ilikuwa hoja halali ya uchumi. Lakini mwananchi wa Kaskazini bado angeweza kuuliza: hiyo "baadaye" ilifika lini?

Walikuwapo waliouliza. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta, alishikilia kwamba si haki mtu aliyepigania ardhi kuuziwa ardhi ileile. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1966, akaunda chama cha KPU, akamchukua Kaggia kuwa naibu wake. Upande wa pili alisimama Tom Mboya, aliyekuwa na akili kali na ulimi mkali, akitetea njia ya serikali. Ndugu zangu, hebu fikirini: viongozi wawili kutoka jamii moja ya Waluo, Odinga na Mboya, wakiwa pande mbili tofauti, naye Mkikuyu Kaggia akiwa pamoja na Mluo dhidi ya serikali ya Mkikuyu mwenzake. Kilichowagawanya ni ardhi, elimu na uchumi. Hicho ndicho tulichokipoteza.

Je, mjadala ule ulimalizwa kwa hoja? Haukumalizwa kwa hoja. Wabunge waliohamia KPU walilazimishwa kwa marekebisho ya katiba kurudi kwa wapiga kura. Oktoba 1969 chama hicho kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Tayari Pio Gama Pinto, mtu wa kushoto, alikuwa ameuawa kwa risasi Februari 1965. Mboya, aliyesimama upande wa pili, aliuawa kwa risasi Julai 1969. J. M. Kariuki, tajiri aliyethubutu kusema kwamba nchi haiwezi kuwa ya matajiri wachache na ombaomba wengi, aliuawa Machi 1975. Risasi haikuuliza mtu ni wa mrengo gani. Mahali ambapo mabishano ya hoja yamefungiwa mlango, mauti hupata njia.

Mwaka wa 1982 sheria ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Neno "mkomunisti" likawa kama hati ya kumkamatia mhadhiri na mwanafunzi. Hatukuruhusiwa kubishana juu ya sera; basi tukabaki na kitu kimoja tu cha kubishania, nacho ni zamu ya nani kula. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka wa 1988, wapiga kura walipopangwa kwa mlolongo nyuma ya wagombea katika uteuzi wa KANU. Nilijifunza siku hizo, kabla sijajua kuandika insha, kwamba mstari mrefu unaweza kutangazwa mfupi.

Vyama vingi viliporudi, tulikuta mazoea yamekwisha kuota mizizi. Vyama vikawa kama matatu: mwenye nayo ni mmoja, abiria hupanda kulingana na anakokwenda dereva, na uchaguzi ukiisha gari huegeshwa au huuzwa. Ukabila ukajaza nafasi iliyoachwa wazi na sera. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona matunda yake: zaidi ya watu elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hapa ndipo ninaposema kwamba somo hili si anasa ya wasomi. Mtu akitofautiana nami kuhusu kodi, naweza kumshawishi mwaka huu au ujao. Akitofautiana nami kwa kabila, nitamshawishi abadili nini? Damu yake? Ugomvi wa sera una mwisho. Ugomvi wa damu hauna.

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 imetupatia uwanja wa kuanza upya. Kama mwanasheria nawaomba muisome kwa macho ya somo la leo, maana imebeba pande zote mbili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Hiyo ni sauti ya kushoto. Ni sauti ya yule mjane. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu na kudai alipwe fidia ya haki ikichukuliwa kwa manufaa ya umma. Hiyo ni sauti ya kulia. Ni sauti ya yule mzee. Na kifungu hichohicho kinaongeza kwamba ulinzi huo hauifuniki mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Wanyakuzi wasikimbilie kujificha nyuma ya mzee wetu.

Vivyo hivyo, kifungu cha 204 kimeweka hazina ya kusawazisha, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Hilo ndilo jibu la katiba kwa lile swali la "baadaye" la mwaka wa 1965. Na kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Lakini karatasi haijitekelezi. Chama kinaweza kuwa na sura ya kitaifa katika rejista na kuwa cha ukoo mmoja katika vitendo.

Mtauliza, mkristo aegemee wapi? Mimi si mchungaji, lakini nasoma Biblia yangu. Katika Matendo ya Mitume tunaona waumini wa kwanza wakishiriki mali zao, asiwepo mhitaji kati yao. Watu wa kushoto hulipenda fungu hilo. Katika kitabu cha Wafalme tunaona Nabothi akikataa kumpa Mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, naye akauawa kwa mashahidi wa uongo. Na Mungu akamtuma nabii Eliya dhidi ya mfalme. Watu wa kulia wanayo haki ya kulishika fungu hilo. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake maarufu wa mwaka wa 1891, alitetea mali ya binafsi na papo hapo akatetea mshahara wa haki na vyama vya wafanyakazi. Kanisa halikupewa chama. Limepewa mjane, yatima na mgeni, na agizo la kutosema uongo.

Wala msidhani kwamba pande hizi haziwezi kuishi pamoja. Nchini Uingereza serikali ya chama cha Labour ilianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka wa 1948. Wahafidhina wakarudi madarakani mwaka wa 1951, wala hawakuivunja. Baadaye serikali ya Bi Thatcher iliuza mashirika ya umma, kama vile lile la simu mwaka wa 1984. Labour waliporudi mwaka wa 1997 hawakuyarudisha mengi ya hayo. Kila upande ulipokea kutoka kwa mwenzake jambo ambalo wananchi walikuwa wamelikubali. Hivyo ndivyo nchi inavyojengwa.

Kwa haki yenu, lazima niwaambie mimi nimesimama wapi, msije mkadhani ninajificha nyuma ya maelezo. Naegemea kushoto. Namkumbuka mjane yule kila ninapopita mochari. Lakini mshauri wangu wa karibu ni mtu wa kulia, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa kila ninapotaka serikali ifanye jambo fulani yeye huniuliza maswali mawili: nani atalipa, na nani atamzuia mwenye funguo asiibe? Bila maswali hayo ningekuwa hatari.

Basi mtoke hapa na kazi ya kufanya. Akija mgombea, wa kata, wa bunge, wa kaunti au wa urais, mwulizeni bila hofu. Unga ukipanda bei, utampunguzia mlaji kwa fedha za umma kama ilivyofanyika mwaka wa 2017, utamsaidia mkulima azalishe zaidi, au utaacha soko lijirekebishe. Na kwa nini? Kodi utamtoza nani zaidi, na nani utampunguzia? Hospitali ya umma iendeshwe kwa ada ya mgonjwa au kwa kodi ya wote? Ardhi iliyonyakuliwa utaitendaje? Na swali la mwisho, lililo kubwa kuliko yote: ukishindwa, utakubali?

Akijibu, mwandike jibu lake na tarehe. Akijibu kinyume cha maoni yenu, msimzomee. Mheshimuni, kwa maana amewapa kitu cha kuchagua. Lakini akiwaambia tu, "Mimi ni wenu, mimi ni mtoto wa hapa," basi mjue hajajibu.

Nimalizie. Neno hili "mrengo" hunikumbusha mrengu wa ngalawa kule pwani, ule ubao wa pembeni unaoelea juu ya maji. Ngalawa ni gogo jembamba. Haiwezi kuvumilia mawimbi peke yake. Huwekwa mirengu miwili, mmoja kila upande. Upepo ukivuma kutoka huku, mrengu wa kule hukishikilia chombo kisipinduke. Mvuvi mwenye akili hawezi kukata mrengu mmoja kwa kuwa anaupenda zaidi ule wa pili. Sisi tulikatiwa mmoja mwaka wa 1969, na wote wawili mwaka wa 1982, na wengi walizama. Sasa tumepewa mbao na kamba. Tuifunge ngalawa yetu, na tuwafundishe watoto wetu kuiendesha.

Mungu awabariki, na aibariki nchi yetu.